Mteja Bora wa Barrelway

Hollum, North Dakota
13 Machi 1994

Kaka Orville,

Theluji bado iko usawa wa dirisha, na mimi ni mzima isipokuwa goti la kushoto, ambalo sitaki kulizungumzia. Ardis Quamme wa jirani anakusalimu. Mumewe Leland naye anakusalimu, ingawa hakusema. Nilipotaja jina lako alitikisa kichwa, na kwa Leland hiyo ni hotuba. Mchungaji Stenerud amepata meno mapya na mahubiri yamerefuka. Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho nilikuambia nimeanguka kwenye ngazi ukanijibu, "Hongera sana." Mpaka ununue kifaa cha masikio, tutaandikiana.

Sasa neno lenyewe. Barrelway wamefungua duka pale barabara kuu, maili kumi na nne kutoka hapa. Maegesho yake peke yake yanaumeza mji wetu wote, na makaburi. Mimi nimepita nje tu.

Jumatano ya tarehe pili tulikutana chumba cha chini cha kanisa. Kahawa, samaki wa siki, bakuli saba za viazi na nyama. Ardis akasimama: "Jamani, Verna ni wetu. Baba yake aliwalisha baba zetu. Nani hapa ataenda kununua kwa watu asiowajua?" Watu wakaguna kana kwamba wamesingiziwa wizi. Karatasi ikapita, na wote sitini na mmoja wakatia sahihi kwamba hawatakanyaga Barrelway maisha yao yote. Leland alitokwa machozi, au ni wale samaki.

Tangu Alhamisi yake sijauza kitu dukani kwetu. Yaani watu wanakuja, ila wanakuja kutaka mifuko. Jana Ardis alinunua limau moja akaomba mifuko sita ya karatasi, ile yenye jina letu.

"Mifuko sita ya limau moja?"

"Limau lina maji, Verna," akanijibu, uso mkavu kabisa.

Mchungaji alinunua kiberiti akaomba mifuko kumi, eti ya kazi ya Bwana. Jioni nikamwona anashusha garini mfuko wa Duka la Brekke, na majani ya nanasi yamechomoza juu. Kaka, tangu nizaliwe sijawahi kuuza nanasi.

Nifanye nini? Nikimwuliza mtu nitamwaibisha, na hapa mtu ukimwaibisha hahami. Anabaki jirani yako miaka arobaini.

Dada yako,
Verna


Mesa, Arizona
27 Machi 1994

Mdogo wangu Verna,

Huku jua limeshaanza kuwaka kwa hasira. Mimi nina afya, namshukuru Mungu, ila miguu inaniuma kwa kusimama. Nasimama wapi, si habari ndefu. Mtu aliyestaafu hakosi shughuli. Juzi nilipeleka maua kaburini kwa mke wangu Doris. Miaka miwili sasa.

Barua yako imenichemsha damu. Sitini na mmoja! Ndani ya kanisa! Baba alifungua duka lile mwaka ule ambao watu walikuwa wanakula magugu, akawakopesha unga bila kumwuliza mtu jina. Leo wanakuja kuomba mifuko? Ebo!

Nakukumbusha nililosema siku tulipomzika. Jengo lina majina mawili, langu na lako. Siku Duka la Brekke litakapopeleka hata senti moja Barrelway, nusu yangu naiuza kwa wa kwanza atakayegonga mlango, hata akitaka kufuga kuku humo. Najua umezaliwa ghorofa ya juu ya duka hilo na hujawahi kulala kwingine. Ndiyo maana najua hutaniangusha. Mimi mwenyewe siwezi hata kulitamka jina la hao watu bila kusukutua.

Kaza moyo.

Kaka yako,
Orville


Hollum
15 Mei 1994

Kaka Orville,

Theluji imeyeyuka, na tumeipata buti ya Leland iliyopotea Desemba. Goti langu ni lilelile. Ardis amepaka jikoni rangi ya njano na sasa anasema macho yanamuuma.

Lori la jumla halileti tena mzigo Hollum. Dereva alinieleza kwa upole kwamba oda yangu ni ndogo kuliko mafuta anayochoma kunifikia. Nilikaa wiki nzima na rafu tupu, nikawa nauza kamba za viatu na hali ya hewa. Usihofu lakini, nimepata njia nyingine ya kupata sukari na unga. Ni njia ya kawaida tu, haina haja ya kuandikwa.

Nikuchekeshe kidogo. Nasikia watu wa Hollum wana utaratibu wao mle Barrelway. Ukikutana na mtu mliyekula kiapo pamoja, husalimii. Unageukia rafu iliyo karibu, unachukua kopo, unalisoma mpaka apite. Nasikia Ardis amesoma kopo la njegere robo saa nzima. Mchungaji huenda na kofia ya kuvulia samaki na miwani ya jua, na watu humpisha kwa heshima ileile ya kanisani, ila hawamwoni. Jumamosi iliyopita watu kumi na mmoja walijikuta safu ya saba, penye sukari, kila mmoja kaipa sukari uso, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kugeuka. Walisimama mpaka mfanyakazi akamwita meneja, akidhani ni maandamano.

Ndivyo ninavyosikia.

Vidole vinanitesa siku hizi. Gundi ya vibandiko vya bei, we acha tu.

Verna


Mesa
29 Mei 1994

Mdogo wangu,

Hapa ni joto la kukaangia mayai. Nashukuru kwa habari ya buti.

Kwa mtu aliyepita nje tu, Verna, masikio yako yanaona vizuri sana. Na huyo anayekupa habari amekosea: sukari haiko safu ya saba. Iko ya tisa, katika maduka yao yote nchi nzima. Ya saba ni sabuni. Nilisoma mahali.

Hiyo njia nyingine, ni njia gani? Mimi ni mwenye nusu, nina haki ya kujua. Na vibandiko gani hivyo? Baba aliandika bei kwa kalamu ya risasi, na wewe pia.

Nimekutumia mashine ya kahawa kwa siku yako ya kuzaliwa. Usijali alama ya gundi chini yake, ni ya kiwandani. Usiniulize nimeipata wapi kwa bei nafuu vile.

Miguu bado.

Orville


Hollum
5 Julai 1994

Kaka Orville,

Asante kwa mashine. Kahawa yake inafanana kabisa na kahawa. Gundi ya kiwandani naijua, hutoka kwa maji ya moto na siki. Sikukuu ya uhuru ya jana ilipita salama. Leland aliwasha fataki moja ikaingia kwenye banda lake la zana, na alitikisa kichwa.

Nina kisa cha mwanamke mmoja wa hapa Hollum. Jina lake halitatusaidia. Mwanamke huyu ana haja ya sukari nyingi, na bei ya rafuni Barrelway ni nafuu kuliko bei ya jumla aliyokuwa akiuziwa zamani. Basi Jumamosi moja akaenda huko, kajifunga kitambaa cha buluu mpaka puani, akaagiza mifuko arobaini. Akajificha penye chakula cha mbwa akisubiri. Mji wote ulikuwa mle ndani, kila mtu na kopo lake. Mara kipaza sauti kikalia kutoka darini: "Mteja mwenye kitambaa cha buluu kichwani, mifuko yako arobaini ya sukari iko tayari mlango wa nyuma!"

Watu wote wakatazama dari. Hakuna aliyemtazama yeye. Dari lile linatazamwa mpaka leo, nadhani. Hollum nzima ina kitambaa kimoja tu cha buluu, Orville. Mwanamke yule alitembea mpaka mlango wa nyuma akijiambia, leo nimekwisha.

Jumatatu Ardis aliingia dukani kwangu kabla sijageuza kibao cha mlangoni. Akanunua sukari kwa bei yangu, wala hakuomba mfuko. Akasugua kaunta kwa kidole weee, kisha akasema, "Verna, hiyo njia yako nyingine, inaweza kupata sabuni ya unga? Ile ya boksi kubwa?"

"Inaweza."

"Basi sina tena haja ya kusoma makopo," akasema, na akavuta pumzi kama mtu aliyevua viatu vinavyobana.

Tangu siku hiyo wanakuja wote. Mchungaji huacha kikaratasi kwenye sahani ya sadaka: mananasi mawili. Duka limejaa, sijawahi kuona hivi tangu Baba alipokuwa hai. Mji mzima sasa ni mwaminifu kwa kiapo, isipokuwa mwanamke mmoja, ambaye ukiitazama karatasi ile utakuta ndiye pekee ambaye hakuombwa kutia sahihi.

Ila kuna jambo. Mwanamke huyo anasema pale mlangoni Barrelway wametundika picha kubwa: Mpokea Wageni Bora wa Mwaka, nchi nzima. Ni mzee wa Arizona aliyevaa kizibao chekundu, kazi yake kusimama mlangoni na kuwakaribisha wateja. Anasema ana masikio ya Baba. Nikamwambia haiwezekani, kwa sababu mzee wa pichani anatabasamu, na kaka yangu hajatabasamu tangu mwaka arobaini na tisa.

Verna


Mesa
20 Julai 1994

Verna,

Joto limezidi, hata mijusi wamehamia kivulini kwangu.

Wazee wenye masikio makubwa Arizona ni wengi. Jua huyakuza. Na kutabasamu pichani huenda ni amri ya meneja. Mtu anaweza kuambiwa atabasamu mara mia nne kwa siku, mashavu yakauma kuliko miguu. Nakisia tu.

Kuhusu nusu yangu, neno langu liko palepale. Ila lilikuwa juu ya Duka la Brekke, halikumhusu mwanamke mmoja. Huyo simjui, wala jina lake halimo kwenye hati.

Septemba tarehe kumi na saba nitakuwa North Dakota na watu wa kanisa. Ni safari ya haraka mno, sitapata nafasi ya kufika Hollum. Usijisumbue kunitafuta, tafadhali.

Orville


Hollum
8 Agosti 1994

Kaka Orville,

Mahindi yamestawi. Ardis amerudisha jikoni rangi nyeupe.

Pole kwa kutokupata nafasi. Na mimi tarehe kumi na saba sitakuwepo, nakwenda Fargo kwa daktari wa goti, kutwa nzima. Ni daktari anayefanya kazi Jumamosi.

Yule mwanamke mmoja yuko taabani. Barrelway wamemwandikia kwamba ndiye Mteja Bora wa jimbo zima, na siku hiyohiyo watamkabidhi zawadi mbele ya watu. Akawajibu kwamba anaumwa. Wakasema basi wataileta nyumbani kwake, pamoja na mpiga picha wa gazeti. Fikiria mpiga picha akiegemea kaunta ya Baba! Na kaka yake, maana ana kaka, akiliona gazeti hilo, ndiyo basi tena, nyumba imeuzwa. Kwa hiyo ameamua kwenda, na kitambaa cheusi safari hii. Halali usiku. Ana miaka sitini na sita na hajui mahali pengine pa kuweka kitanda chake.

Verna


Mesa
25 Septemba 1994

Mdogo wangu Verna,

Natumaini daktari wa Fargo alilitazama goti vizuri. Nilisikitika kwamba hatukuonana.

Siku ile nilipitia Barrelway kuomba maji ya kunywa, kwa hiyo niliona hiyo shughuli, nikadhani ungependa kusikia. Palikuwa na jukwaa na baluni. Zawadi yenyewe ilikuwa pipa jekundu la sukari, refu kama ndama. Mkubwa wao wa kanda, bwana mmoja wa Texas, alishika kipaza sauti, na yule mzee wa pichani alikuwa ameletwa kwa ndege kulikabidhi. Viti vya mbele walikaa watu wa Hollum, wote, na kila mmoja alikuwa na kopo lake mkononi anasoma. Leland alikuwa amelishika la kwake juu chini.

Mwanamke mmoja akapanda. Yule wa Texas akamwambia, "Bibi, pipa hili ni lako!"

Akajibu, "Hapana, asante, nisingependa kuwasumbua."

Basi mtu wa Texas akafikiri amekataa! Akawapungia vijana waliondoe pipa. Hajui kwamba kwetu hapana ya kwanza ni salamu, ya pili ni adabu, na ya tatu ndiyo unaanza kusikiliza. Mwanamke akabaki amesimama peke yake, mikono inaning'inia, huku pipa linaondoka. Yule mzee hakuweza kuvumilia. Akasema, "Chukua hata kidogo tu, bibi."

"Labda yupo anayelihitaji zaidi."

"Limeshafika hapa, bibi. Limeshafunguliwa."

"Haya," akasema, "lisipochukuliwa litaharibika."

Hapo makopo yote yakashuka, Verna. Yote sitini na moja. Maana hakuna mtu wa Arizona anayejua kumpa mtu kitu namna ile. Wakamtazama mzee, wakamtazama mwanamke, kisha wakayainua makopo tena, kwa haraka, kwa heshima. Wale wawili wakashikana mikono kama watu wasiojuana. Mkono wa mwanamke ulikuwa mwembamba na vidole vina mabaka ya gundi. Yule mzee hakuuachia mapema kama ilivyotakiwa.

Nimeongea naye kidogo. Anasema mkewe alilala hospitali miezi mitano, na hospitali ikala nyumba, ikala akiba, ikala gari. Hakumwambia mtu. Alikuwa tayari kufa na tai shingoni. Akavaa kizibao chekundu kwa sababu hakuna aliyekuwa anaajiri wazee viziwi ila hao. Na kila aliposimama pale mlangoni akisema karibu, alimkumbuka dada yake, akaona haya, akarudi kwenye chumba chake cha kupanga kumwandikia barua za vitisho. Anasema alikuwa anajigombeza mwenyewe, ila bahasha aliandika jina la mwingine.

Nimeweka humu karatasi ya mwanasheria. Nusu yangu sasa ni yako. Sistahili kuishika. Nisamehe.

Orville


Hollum
9 Oktoba 1994

Orville,

Sina nguvu ya salamu leo.

Nimekasirika. Doris alilala hospitali miezi mitano, na wewe ukawa unaniandikia kuhusu maua ya dungusi kakati. Ningepanda basi siku hiyohiyo, ningemlisha supu kwa kijiko, ningekupikia wewe. Ulinifanya mgeni. Nimeisoma barua yako mara nne, nimelia, nikaenda kuuza siagi, nikarudi nikalia tena. Ardis alinikuta hivyo akachukua kopo.

Na mimi nilikudanganya miezi sita kwa kuogopa kufukuzwa na ndugu yangu mwenyewe. Mwanamke ni mimi. Unajua. Goti halijawahi kwenda Fargo.

Karatasi yako ya mwanasheria nimewashia jiko. Jengo lina majina mawili na yatabaki mawili. Sukari ya lile pipa Hollum itaila mpaka mwaka elfu mbili, na kila Jumanne lazima mtu aende Barrelway, apakie, ashushe, abandue vibandiko. Goti langu haliwezi tena. Nataka mtu anayejua ilipo safu ya tisa.

Chumba chako cha zamani nimekifagia, kitanda kina shuka safi. Watu hawatakuuliza lolote, unawajua. Mimi pia sitakuuliza. Lakini hili nasema mara moja tu, sitasema ya pili wala ya tatu, kwa hiyo acha adabu zako.

Njoo nyumbani.

Verna


Mesa
17 Oktoba 1994

Verna,

Ndiyo.

Basi linafika Ijumaa tarehe ishirini na nane, saa tisa alasiri.

Orville